Ujiji ng'ambo ya ziwa: mji wa kale uliojaa watu wa upande wa Fizi

Familia za Fizi na Baraka zilizovuka ziwa wakati wa vita ya 1996 zinaijua Kigoma: kushuka bandarini, kuandikwa majina, kupanda gari la kwenda kambi ya Lugufu au Nyarugusu. Ujiji, mji wa kale ulio kilomita chache tu kusini ya bandari hiyo, wengi waliusikia kwa jina. Waliofika walionyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871, habari ikaishia hapo. Lakini Wazungu wawili kusalimiana ni sehemu ndogo sana ya historia ya Ujiji. Sehemu kubwa inahusu watu waliotoka ng'ambo hii, na wengi wao hawakwenda kwa hiari.

Wenyeji walikuwa Wajiji, wavuvi na wakulima, jamaa ya Waha. Kufikia miaka ya 1840 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Zanzibar na pwani walikuwa wameanza kufika. Burton na Speke walifika Februari 1858 wakakuta soko tayari lipo. Stanley aliporudi mwaka 1876 alieleza mji wenye sehemu mbili: Ugoi walikokaa Waarabu, na Kawele walikokaa Wangwana, watumwa na wenyeji. Soko lilikuwa katikati, karibu na maji. Kulikuwa na chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, ndagala na samaki wakubwa, mbuzi, mihogo, nguo za pwani na pembe za ndovu. Vitu vidogo vilinunuliwa kwa shanga zilizoitwa sofi. Mama anayepanga ndagala leo kwenye soko la Baraka angeielewa biashara hiyo bila mkalimani, isipokuwa hesabu ya shanga.

Kuna jambo ambalo wazee wavuvi watalipenda. Mitumbwi mikubwa iliyobeba mali ya Ujiji ilichongwa kwa miti ya mivule iliyokatwa Ugoma, kwenye misitu ya milimani upande huu wa magharibi. Miti ilichongwa, ikavushwa, kisha Ujiji ikaitumia kufikia kila pembe ya ziwa, kuanzia Uvira kaskazini, ambako Burton na Speke wenyewe walifika kwa mitumbwi mwaka 1858, wakipitia Ubwari.

Mitumbwi hiyo ilirudi na pembe, na ilirudi na watu. Ujiji ilikuwa mlango. Waliokamatwa Manyema na kwenye mwambao wa magharibi walivushwa, wakauzwa sokoni au wakaunganishwa na misafara ya kwenda Tabora na Bagamoyo, safari ya miezi kwa miguu, wengi wao wakiwa na pembe kichwani. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakifyatua bunduki sokoni Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Alikata tamaa, akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba akiwa mgonjwa. Kwa hiyo ule mkutano maarufu chini ya mwembe ulitanguliwa na soko lililojaa maiti za Wakongo, na jambo hilo wageni wa Ujiji husimuliwa haraka haraka, kama husimuliwa.

Baadaye Ujiji ikawa chini ya Rumaliza, jina lake halisi Muhammad bin Khalfan. Watu wake walivamia vijiji vya kaskazini na magharibi mwa ziwa hadi jeshi la Mfalme Leopold lilipomshinda mwaka 1894. Ukombozi haukuwa mkamilifu: mtozi mmoja aliondoka, mwingine akaja na mpira na kiboko.

Si wote waliovushwa waliendelea hadi pwani. Wengi walibaki Ujiji, wakalima, wakavua, wakaoa na kuolewa. Wengine walifika wakiwa huru, kama wapagazi na wachuuzi. Wagoma, Wabwari, Wabembe, Waholoholo na wengineo, wote wakaja kuitwa kwa jina moja: Wamanyema. Jina la mbali lilifunika mengi ya karibu. Wajukuu wao ni raia wa Tanzania, wapo Kigoma na Ujiji mpaka leo, na wengine bado wanajitaja kwa kabila la ng'ambo hii. Mtu wa Ubwari aliyeitwa mgeni Kigoma mwaka 1996 huenda aliitwa hivyo na mtu ambaye babu wa babu yake alitoka Ubwari.

Ziwa lenyewe lilichangia kubadilisha mji. Miaka ya 1870 maji yalikuwa juu, kwa sababu mto Lukuga, karibu na Kalemie, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mwishoni mwa miaka hiyo ulifunguka na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana mnara wa Livingstone, uliojengwa panapodhaniwa palikuwa karibu na ufuko, leo uko mbali na maji. Kisha reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ikafika mwaka 1914, lakini ikaishia Kigoma, kwenye bandari yenye kina. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916 wakakaa miaka mitano. Meli zikaenda huko, Ujiji ikabaki na soko lake, misikiti yake na mashua.

Kwenye mnara kuna majina ya Livingstone na Stanley. Ule mwembe wa zamani ulikufa, na iliyopo leo inasemekana ni uzao wake. Miembe mingine bado inaonekana kwenye njia ya kale inayotoka mjini kuelekea Tabora, ile ile waliyopita watu waliovushwa kutoka Ugoma na Ubwari.