Ligi Ilipopanuka, Fedha Zikaondoka

Hapa Mururu tunaishangilia Espoir, timu ya Rusizi, nami hujiuliza klabu ya pembezoni huishi kwa fedha gani. Historia ya Kenya inanipa jibu. Ligi Kuu ya huko ilikuwa na timu 16, na SuperSport ililipia haki za matangazo. Mwaka 2017 shirikisho la soka lilishinikiza ligi iwe na timu 18. SuperSport ikavunja mkataba. Walaji waliongezeka, chungu kikaondolewa mekoni. Gor Mahia ilibaki na mashabiki wake wengi wa kulipa kiingilio. Klabu ndogo zilitegemea mgao. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kuongeza timu, bali kuziongeza kabla ya kukubaliana na mlipaji.