Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ni eneo la hifadhi kwenye pwani ya Bahari ya Hindi katika Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Ilitangazwa rasmi mwaka 2009 ili kumlinda silikanti (Latimeria chalumnae), samaki wa kale ambaye wataalamu waliwahi kudhani kwamba alitoweka pamoja na dinosauri. Eneo lake ni km² 552: kati ya hizo km² 85 ni nchi kavu na visiwa, na zilizobaki ni maji. Inasimamiwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1994.

Tofauti na hifadhi za taifa kama Serengeti, ndani ya hifadhi hii watu wanaishi vijijini mwao na wanaruhusiwa kuvua kwa masharti. Kwa sababu hiyo usalama wa silikanti hautegemei askari wa doria peke yao, bali unategemea pia wavuvi ambao samaki huyu hawana faida naye.

Jiografia

Hifadhi inaanzia Mafuriko, kaskazini kidogo mwa jiji la Tanga, na kushuka kusini hadi karibu na mdomo wa Mto Pangani. Ndani yake kuna ghuba za Tanga na Mtangata pamoja na visiwa vya Toten, Yambe na Karange. Karibu na ufuko maji si marefu na yana matumbawe, majani ya bahari na mikoko. Lakini si mbali na nchi kavu sakafu ya bahari inashuka ghafla kuelekea mlangobahari wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita. Miteremko hiyo ya mawe yenye mapango ndiyo makazi ya silikanti.

Upande wa magharibi, siku isiyo na mawingu, mabaharia huona Milima ya Usambara. Milima hiyo na bahari zimeunganishwa na mito. Mto Zigi unatoka kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kuingia baharini karibu na jiji la Tanga. Maji ya Usambara Magharibi, upande wa Lushoto, hufika baharini kwa sehemu kubwa kupitia mito ya Mkomazi na Lwengera, ambayo yote huingia Mto Pangani.

Historia

Watu wameishi na kufanya biashara kwenye pwani hii kwa karne nyingi. Katika kijiji cha Tongoni, kando ya ghuba ya Mtangata, kuna magofu ya msikiti na makaburi takriban 40 ya Waswahili, mengine yakiwa na nguzo. Magofu hayo ni ya karne za 14 na 15.

Mwezi Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipita hapa zikielekea Mombasa. Mojawapo, iliyoitwa São Rafael, ilikwama kwenye miamba mbele ya Mtangata mpaka maji yalipojaa. Wenyeji waliwafuata mabaharia kwa vyombo vyao wakiwa na machungwa, na Wareno waliyasifu kuwa bora kuliko ya kwao. Miamba ile waliipa jina la merikebu yao, na milima iliyoonekana nyuma yake wakaiita vivyo hivyo. Wanahistoria wanaitambua milima hiyo kuwa Usambara. Katika safari ya kurudi, Januari 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Hivyo São Rafael ilichomwa moto mahali palepale.

Kisiwa cha Toten, kilichomo ndani ya bandari ya Tanga, kilikuwa na makazi ya watu na kina magofu ya misikiti na makaburi. Jina lake ni neno la Kijerumani lenye maana ya wafu. Jina la Tanga lenyewe linafanana na neno la Kiswahili kwa kitambaa cha chombo kinachokamata upepo, ingawa asili yake inaelezwa kwa njia mbalimbali.

Watu na utamaduni

Wakazi wa vijiji vya pwani ni hasa Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Waswahili wengine, na wengi wao ni Waislamu. Shughuli zao ni uvuvi, kilimo cha minazi, mihogo na mahindi, ufugaji mdogo, na katika baadhi ya vijiji kilimo cha mwani. Samaki wakavu na dagaa hupanda hadi masoko ya milimani, na mboga na matunda ya Lushoto hushuka hadi Tanga.

Maisha hupangwa kwa upepo na maji. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi huanza mwezi Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wanawake na watoto hutembea juu ya mwamba kutafuta pweza na chaza. Wanaume hutumia ngalawa, mtumbwi, dau na mashua. Mitego ya asili ni pamoja na dema, linalosukwa kwa fito, na wando, ambao ni uzio unaonasa samaki maji yanapotoka. Wavuvi wengine huenda dago, yaani huhama kwa wiki au miezi na kupiga kambi mahali penye samaki.

Silikanti

Mwaka 1938 silikanti alinaswa karibu na East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, aliona kuwa si samaki wa kawaida, na Profesa J.L.B. Smith akamtambua. Kabla ya hapo silikanti alijulikana kwa visukuku tu, na vya mwisho vilikuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 66. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa wakimfahamu kwa jina la gombesa.

Nchini Tanzania silikanti wa kwanza kuthibitishwa alivuliwa upande wa Kilwa mwaka 2003. Tangu mwaka uliofuata wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa kwa wingi usiotarajiwa. Mwaka 2007 watafiti kutoka Japani walishusha kamera baharini mbele ya Tanga na kuwapiga picha wakiwa hai. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi lililotengana na wale wa Komoro.

Silikanti anaweza kufikia urefu wa takriban m 2 na uzito wa kg 90. Mapezi yake yana nyama na mifupa ndani, naye huyachezesha kwa zamu kama mnyama anayetembea. Mchana hujificha mapangoni, na usiku hutoka kuwinda. Hatagi mayai bali huzaa. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kuwa hubeba mimba kwa takriban miaka 5, hukomaa akikaribia miaka 50 au zaidi, na anaweza kuishi karibu karne moja. Maana yake ni kwamba jike mmoja akifa wavuni, pengo lake halizibiki kwa miongo mingi.

Nyama yake ina mafuta mengi na haifai kuliwa. Hakuna mvuvi anayemtafuta. Hunaswa kwa bahati mbaya na jarife, nyavu za papa zinazoshushwa kwenye maji marefu. Samaki wa karibu na ufuko walipopungua, wavuvi walisogea mbali zaidi, na ndipo nyavu zao zikafika kwenye mapango ya silikanti.

Viumbe wengine

Katika hifadhi huonekana pomboo, kasa wa aina mbalimbali wakiwemo ng'amba, na mara chache sana nguva, ambaye hula majani ya bahari. Nyangumi hupita pwani hii kila mwaka wakati wa kusi. Samaki wa kawaida ni changu, tasi, chewa na kolekole. Kwenye ghuba hukua mikoko, michu, mikandaa na milana, ambayo ni malezi ya kamba na samaki wachanga.

Kusini, nje ya hifadhi, kuna kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa na miti ya mivinje na kilikuwa mahali muhimu sana pa kasa kutaga. Miti ilikwisha, mchanga ukachukuliwa na maji, na leo ni fungu linalofunikwa bahari inapojaa. Kasa bado huja kutaga, kwa hiyo mayai yao huhamishiwa ufuko wa Ushongo yasioze kwa maji.

Vitisho

Uvuvi wa baruti uliharibu matumbawe mengi ya Tanga kuanzia miaka ya 1960. Baruti huua samaki wakubwa na wachanga kwa pamoja na kuvunja mwamba ambao huchukua miaka mingi kukua. Miradi ya kushirikisha vijiji ilianza mwaka 1994, na milipuko ilipungua sana baada ya msako wa serikali wa miaka ya 2010.

Matatizo mengine ni jarife, ukataji wa mikoko, na tope linaloletwa na mito. Matumbawe yanahitaji mwanga, na maji yenye tope huyanyima. Hivyo matuta na mabingobingo yaliyopandwa kwenye miteremko ya Lushoto yanazuia udongo wa shamba, na pia yanaisaidia bahari. Aidha, mpango wa bandari mpya huko Mwambani ulileta mjadala kwa kuwa eneo hilo limo ndani ya hifadhi. Katika rasi ya Chongoleani, kaskazini mwa bandari ya Tanga, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa km 1,443.

Kutembelea hifadhi

Wageni wanaofika kwa jahazi au mashua za matanga kutoka nje ya nchi hukamilisha taratibu za uhamiaji na forodha katika bandari ya Tanga, kisha hulipa kiingilio cha hifadhi. Bahari huwa shwari na maji huwa maangavu zaidi wakati wa kaskazi. Nanga hutupwa kwenye mchanga, si juu ya matumbawe. Mgeni akifika kijijini hujitambulisha kwanza kwa ofisi ya serikali ya kijiji, huvaa nguo za heshima, na huomba ruhusa kabla ya kuingia kwenye magofu au makaburi. Magamba ya kasa hayauzwi wala hayanunuliwi.

Mzamiaji wa kawaida hawezi kumwona silikanti, kwa sababu anaishi chini mno. Wanaomjua kwa macho ni wavuvi wachache waliompata nyavuni, na taarifa zao ndizo zilizowaelekeza wataalamu mahali anapoishi.