Pikseli ya kihisi cha kina

Pikseli ya kihisi cha kina ni kijisehemu cha silikoni kinachopima muda ambao nuru imetumia kwenda hadi kwenye kitu na kurudi, ili kamera ijue kitu hicho kiko umbali gani. Pikseli ya kamera ya kawaida hupima wingi wa nuru tu. Hii hutakiwa kujua pia nuru imefika lini. Nuru husafiri karibu sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Kwa kuwa safari ni ya kwenda na kurudi, kutenganisha vitu viwili vilivyopishana sentimita 1 ni kupambanua takriban pikosekunde 67.

Njia iliyozoeleka haiweki saa ndani ya pikseli, bali ndoo mbili. Taa ya infraredi iliyo kando ya lenzi huwaka na kuzimika mamilioni ya mara kwa sekunde. Fotoni ikirudi na kunyonywa na silikoni huzaa elektroni, nayo huvutwa na mageti mawili yanayopokezana zamu: moja likifunguka, jingine hufunga. Nyuma ya kila geti kuna ndoo yake, yaani mahali pa kutunzia chaji.

Tuseme taa inapiga kwa megahezi 20: huwaka nanosekunde 25, ikazimika nanosekunde 25. Ndoo ya kwanza hupokea taa ikiwa inawaka, ya pili ikiwa imezimika. Mkono ulionyooshwa mita 1.5 mbele ya kamera hurudisha nuru ikiwa imechelewa nanosekunde 10, hivyo katika kila elektroni 100, 60 huingia ndoo ya kwanza na 40 ya pili. Ukuta ulio mita 3 huchelewesha nanosekunde 20. Hapo mgawo huwa 20 kwa 80. Ukuta mweusi hurudisha nuru kidogo kuliko mweupe, lakini mgawo ni ule ule, na huo ndio uzuri wa mbinu hii. Nuru ya jua huingia ndoo zote mbili kwa usawa, kwa hiyo huondolewa kwa kutoa moja kwa nyingine, ingawa huacha kelele na hujaza ndoo kabla ya wakati. Kwa kawaida vipimo huchukuliwa vinne, kila kimoja kikisogezwa robo ya mzunguko.

Kazi ngumu ya msanifu ni kuziwahisha elektroni. Ile inayokawia njiani hukuta zamu imebadilika, ikaangukia ndoo isiyo yake, na umbali ukaharibika. Nuru ya nanomita 940 hupendwa kwa sababu mvuke wa maji angani hupunguza sehemu hiyo ya nuru ya jua, lakini ina taabu yake: silikoni huinyonya polepole. Silikoni ikiwa nyembamba, fotoni nyingi hupita bure. Ikiwa nene, elektroni huzaliwa chini kabisa na huwa na safari ndefu. Ndiyo maana wasanifu hutengeneza mteremko wa umeme ndani ya silikoni ili elektroni ziteleze kuelekea getini badala ya kutangatanga. Watafiti wa Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, walipitisha mkondo wa umeme ndani ya silikoni yenyewe ili uzisukume. Ubunifu huo uliingia Softkinetic, kampuni iliyonunuliwa na Sony mwaka 2015.

Mapigo yakiongezwa kasi, kipimo huwa makini zaidi, lakini umbali huanza kujirudia: kwa megahezi 20, kitu cha mita 8.5 huonekana kana kwamba kiko mita 1, kwa kuwa mzunguko huisha kwenye mita 7.5. Dawa yake ni kupima kwa mapigo ya kasi tofauti na kulinganisha majibu. Kihisi cha Kinect ya Xbox One, iliyouzwa kuanzia 2013, kilikuwa na pikseli 512 kwa 424 na kiliweza kufika megahezi 130. Mwaka 2018 Microsoft ilieleza kihisi cha pikseli milioni 1, kila moja ikiwa na upana wa maikromita 3.5, kinachoingiza nuru kwa upande wa nyuma, mbali na nyaya, na kufika megahezi 320. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika tawi hili, kwani pikseli ilipungua huku ikiongezeka wepesi.

Tawi la pili hutumia diodi inayoitikia fotoni moja kwa mporomoko wa elektroni, na saa hurekodi wakati huo moja kwa moja. Ndilo lililoingia iPad Pro mwaka 2020. Linafaa zaidi kwa mbali, ila saketi zake hula nafasi kubwa.

Anayelinganisha vihisi viwili vya ndoo asiishie kwenye idadi ya pikseli. Atazame kwanza ni sehemu gani ya elektroni inayofika ndoo sahihi kwa kasi ya mapigo atakayoitumia.