Dola 8,000 za Mongbwalu

Juni 2025 ilitimia miaka 20 tangu shirika la Human Rights Watch litoe ripoti yake, The Curse of Gold, kuhusu dhahabu ya Ituri, nchini Kongo. Vijana wa kartiye ya Rwambuzi, Bunia, waliozaliwa baada ya hapo wanajua bei ya gramu. Nani alikula dhahabu hiyo wakati wa vita, hawajaambiwa, na kosa si lao.

Dhahabu yenyewe ilionekana mwaka 1903 katika mto Agola, na Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien. Wabelgiji wakachimba, kisha serikali ikachimba kupitia kampuni yake ya Okimo, hadi vita vya 1998 vilipoleta jeshi la Uganda.

Machi 2003 wapiganaji wa FNI, wakisaidiwa na Waganda, waliwang'oa wapinzani wao wa UPC kutoka Mongbwalu, kama kilomita 80 kutoka Bunia. Kwa hesabu ya ripoti hiyo, raia wasiopungua 2,000 waliuawa eneo hilo kati ya Juni 2002 na Septemba 2004. Katika hali hiyo AngloGold Ashanti, kampuni kubwa ya Johannesburg wakati huo, iliona wakati wa kutafuta dhahabu umefika. Ingeweza kungoja serikali ifike kwanza. Haikungoja. Floribert Njabu, mkubwa wa FNI, aliwaambia watafiti wa ripoti waziwazi kwamba bosi wa Mongbwalu ni yeye, kwamba yeye ndiye aliyeipa kampuni ruhusa, na akitaka ataifukuza.

Januari 2005 kampuni ikawapa FNI dola 8,000. Juu yake ukaja ushuru wa uwanja wa ndege: senti 6 za dola kwa kila kilo ya mzigo, jumla kama dola 1,100. Ripoti inataja pia usafiri, na nyumba aliyopewa Njabu. Siri ilipofichuka kampuni ilikiri kutoa zile 8,000, ikasema haikupaswa kuzitoa na kwamba ilishurutishwa. Ilishurutishwa vipi? Aliyebaki Johannesburg hakamatwi shati na mtu wa Mongbwalu. Na wanaosema dola 8,000 ni pesa ndogo waulize ziliingia mikononi mwa nani.

Njabu alikamatwa Kinshasa mwaka huohuo. Kampuni ya Metalor ya Uswisi nayo ikaacha kununua dhahabu kutoka Uganda, nchi iliyokadiriwa kuuza nje dhahabu ya Kongo ya dola milioni 60 mwaka 2003 peke yake.

Kisha Ituri ikaona wapiganaji wa CODECO, kisha utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, kati yake milioni 60 kwa mali asili iliyoporwa. Kampuni hazikuwa washtakiwa katika kesi hiyo. Pesa hizo zinapitia mfuko wa fidia wa FRIVAO, na mkazi wa Rwambuzi mwenye dai ajue makao yake makuu yako Kisangani, kwa barabara ya Komanda na Mambasa.