Kituo cha Mtoni kinaonewa bure

Leo tuweke pembeni mambo ya boom na test, tuongee historia kidogo. Taa zikizima tu, sisi wa hosteli tunaanza kulaumu kituo kilicho karibu. Sasa ngoja niwape kisa cha kituo cha kupozea umeme cha Mtoni, pale Unguja.

Kwanza hilo neno "kupoza". Mtu anaweza kudhani umeme unatiwa kwenye friji! Kinachopozwa ni nguvu ya msukumo. Umeme unaosafiri mbali hupandishwa volti ili mkondo wake uwe mdogo, maana mkondo mkubwa hupoteza nishati nyingi njiani kama joto kwenye nyaya. Unafika Mtoni ukiwa na kilovolti 132, transfoma zinaushusha hadi 33, halafu huko mitaani unashushwa tena mpaka 11, na mwisho ile 230 ya kuchajia simu yako. Kituo chenyewe hakizalishi hata wati moja. Kinapokea, kinashusha, kinagawa. Basi.

Zamani mji wa Zanzibar ulikuwa na umeme wake wa kuzalisha wenyewe, mashine za dizeli pale Saateni. Mwaka 1980 ikalazwa kebo chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar, hadi Fumba, yenye uwezo wa kama megawati 45. Kuanzia Fumba umeme unapita angani hadi Mtoni. Kidatu ilikuwa inazalisha kwa maji, na dizeli ilikuwa ghali, kwa hiyo hesabu ilikubali kabisa. Sidhani kama ningekuwa mimi ningeamua vingine.

Lakini Saateni ikaachwa izeeke, na kisiwa kizima kikabaki na uzi mmoja. Uzi huo ulikatika Mei 2008, giza karibu mwezi. Watu hata hawajasahau, Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii mpaka Machi 2010. Miezi mitatu jamani! Mara zote mbili Mtoni ilikuwa imesimama pale pale, transfoma zipo, swichi zipo, ila hakuna cha kupoza.

Na msidhani tabu ilikuwa kukosa TV. Pampu za maji zinategemea umeme, kwa hiyo mifereji ilikauka na watu wakarudi visimani na ndoo. Mahoteli yaliwasha majenereta yao. Mwenye kibanda cha soda baridi yeye awashe nini? Hapa ndipo naona historia yetu ya umeme inaandikwa vibaya: tunahesabu megawati na miaka ya uzinduzi, aliyebeba ndoo hatumwandiki.

Baada ya hapo ndipo yakafungwa majenereta ya dizeli ya akiba, ya kama megawati 25, tena hapo hapo Mtoni. Kituo cha kupokea kikapewa na kazi ya kuzalisha, ile ile iliyoondolewa Saateni. Mwaka 2013 ikazinduliwa kebo ya pili ya megawati 100, kwa fedha za MCC ya Marekani. Nayo ikapita njia ile ile, Ras Kiromoni, Fumba, Mtoni.