Darubini ya Dola 19

Mwaka 1930, huko Newport, Kentucky, nchini Marekani, kijana William Weaver alianza kuuza darubini ya bunduki aliyoiita 330. Ilikuza takriban mara tatu, nayo iliuzwa dola 19 tu. Darubini nzuri za wakati huo zilitoka Ujerumani, na bei yake ilimshinda mwindaji wa kawaida. Mwaka 1933 Weaver alihamia El Paso, Texas, na baadaye akawageukia wenye bunduki ndogo za risasi ya .22.

Hao walikuwa wengi. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyotolewa na kampuni ya Stevens mwaka 1887, ni rahisi kununua, na bunduki yake haipigi bega. Kwa hiyo darubini nyembamba, yenye bomba la milimita 19, ilitosha kabisa.

Kabla ya hapo watu wengi walilenga kwa macho matupu. William Lyman wa Connecticut alikuwa amewasaidia mwaka 1879 kwa kilengeo chenye tundu, kinachofungwa nyuma ya bunduki karibu na jicho. Kukirekebisha hakuhitaji elimu kubwa: risasi zikitua kushoto, kilengeo cha nyuma husogezwa kulia, anayegusa cha mbele hukisogeza kushoto. Kinachohitajika ni mkono mwepesi. Vilengeo vikiwa sentimita 50 kimoja kutoka kingine, na risasi zikikosa kwa sentimita 5 kwenye shabaha ya mita 50, dawa yake ni nusu milimita. Wenye kugonga kilengeo kwa nyundo kwa pupa wameharibu bunduki nyingi hapo.

Tatizo la darubini lilikuwa mahali pa kuifunga. Bunduki za zamani zilikuwa laini juu, basi mafundi wakatoboa chuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vikaanza kuchonga mifereji miwili juu ya bunduki, vishikizo vikabanwa bila tundu hata moja.

Mnunuzi wa leo aangalie pia umbali ambao darubini imepangiwa. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kwa yadi 100, ilhali za .22 hupangwa kwa yadi 50 hivi. Ukikosea, jicho likisogea kidogo, msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini nao huonekana kuhama juu ya shabaha.

Bunduki yenye mifereji, au iliyokwisha kutobolewa, ifungwe darubini ndogo ya .22. Ile ambayo haijaguswa ibaki na kilengeo cha tundu, kwa sababu wakusanyaji hupunguza bei mara waonapo tundu jipya.