Madalali wa Daftari la Umma: Historia ya Huduma za Nodi katika Mtandao wa Ethereum

Mtandao wa Ethereum ulipoanza kazi tarehe 30 Julai 2015, waasisi wake walikusudia kwamba kila anayeutumia awe pia mtunzaji wake. Programu ya Geth, iliyokuwa maarufu kuliko nyingine zilizotolewa siku hizo, iliigeuza kompyuta ya kawaida kuwa nodi, yaani mashine inayohifadhi nakala ya daftari la mtandao, inayokagua yenyewe miamala iliyoandikwa humo na kuikataa bloku yoyote inayokiuka kanuni, bila kusubiri kauli ya benki, serikali wala kampuni. Hata kivinjari cha Mist, kilichobuniwa ili mtu asiye mtaalamu aweze kufungua programu zinazoendeshwa juu ya mtandao huo, kilibeba nodi ndani yake. Mist iliachwa rasmi mwezi Machi 2019, na kufikia wakati huo watumiaji wengi walikuwa wakiufikia mtandao kupitia seva za kampuni chache ambazo hawakuzichagua, na ambazo pengine hawakujua kuwa zipo.

Badiliko hilo halikuletwa na njama ya mtu yeyote. Lililetwa na uzito wa daftari lenyewe. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, huandika hasa nani amemlipa nani. Ethereum, kama ilivyopendekezwa na Vitalik Buterin mwishoni mwa mwaka 2013 na kuelezwa kihisabati na Gavin Wood mwaka uliofuata, huhifadhi pia mikataba mahiri, yaani programu ndogo ambazo kila nodi huziendesha na kukumbuka hali yake baada ya kila muamala. Kumbukumbu hiyo husomwa na kuandikwa upya bila kukoma, kwa hiyo kinachomlemea mwenye nodi si ukubwa wa diski peke yake, bali pia kasi yake. Mwezi Septemba 2016, wakati wataalamu wa Ethereum wakikutana Shanghai, mshambuliaji aliutumia udhaifu huo kwa kutuma miamala ya bei ndogo iliyozilazimisha nodi kusoma diski mara nyingi kupita kiasi, kisha akaijaza kumbukumbu ya mtandao akaunti tupu kwa mamilioni. Kanuni zilirekebishwa mara mbili, Oktoba na Novemba mwaka huo, lakini somo lilikuwa limekwisha kueleweka: kuendesha nodi ni kazi ya kudumu inayohitaji uangalizi, na msanidi programu anayetaka tu kuonyesha salio la akaunti kwenye ukurasa wake hana sababu ya kuifanya kazi hiyo.

Katika mwaka huohuo wa 2016 ilizinduliwa Infura, huduma iliyolelewa ndani ya ConsenSys, kampuni ya Joseph Lubin yenye chimbuko lake Brooklyn, New York. Msanidi programu alijisajili, akapewa anwani ya mtandaoni yenye ufunguo wake, na kuanzia hapo programu yake ikawa inatuma maswali kwa utaratibu uitwao JSON-RPC, ambao ni lugha ileile ambayo nodi yake mwenyewe ingeielewa. Nyuma ya anwani hiyo kulikuwa na nodi nyingi kwenye kompyuta za kukodi, mtambo wa kugawanya maswali kati yake, na hifadhi za muda za majibu yanayoulizwa mara kwa mara. Pochi ya MetaMask, iliyotoka pia mwaka 2016 kama kiongezi cha kivinjari, iliifanya Infura kuwa chaguo lake la awali. Na kwa kuwa ni watu wachache mno wanaobadilisha mpangilio walioukuta, chaguo hilo dogo la kiufundi likawa na nguvu kuliko tamko lolote la waasisi. Alchemy, iliyoasisiwa na Nikil Viswanathan na Joe Lau mwaka 2017, iliingia baadaye katika biashara hiyohiyo, na mwaka 2019 ConsenSys ikainunua Infura kikamilifu.

Inafaa kutenganisha anachoweza na asichoweza kufanya dalali wa aina hii, kwani wakosoaji wake wamezoea kuyachanganya mambo hayo mawili. Muamala husainiwa kwa ufunguo wa siri unaobaki kwenye kifaa cha mtumiaji, hivyo kampuni ya nodi haiwezi kuughushi wala kuhamisha fedha za mtu. Inachoweza ni kuchelewesha, kukataa, au kutoa jibu lisilo sahihi, na katika hilo la mwisho muulizaji hana kinga, kwa sababu jibu la kawaida la JSON-RPC huja bila ithibati yoyote.

Tarehe 11 Novemba 2020 jambo hilo lilionekana wazi. Muamala mmoja uliamsha hitilafu iliyokuwa imelala katika matoleo ya zamani ya Geth, hitilafu ambayo watunzaji wa programu hiyo walikuwa wameisahihisha kimyakimya miezi kadhaa kabla, wakihofia kwamba kuitangaza kungewapa silaha wahalifu. Nodi zilizokuwa na toleo jipya ziliendelea na mnyororo uliokubaliwa na wengi, ilhali sehemu ya nodi za Infura, zilizokuwa bado na matoleo ya zamani, zilitengana nao kuanzia bloku nambari 11,234,873. Kwa saa kadhaa watumiaji wa MetaMask walioneshwa masalio yaliyopitwa na wakati, na soko la Binance likasimamisha utoaji wa sarafu ya etha. Mtandao wenyewe haukuzimika hata dakika moja. Kilichozimika ni dirisha ambalo watu wengi waliuonea.

Mwaka 2022 suala lilihama kutoka kwenye hitilafu hadi kwenye sheria. Mwezi Machi, Infura ilipokuwa ikirekebisha mipangilio yake kufuata vikwazo vipya vya Marekani na nchi nyingine, ilikosea kuiweka kwa upana kuliko ilivyotakiwa, na watumiaji wa Venezuela wakajikuta wamefungiwa nje kabla kosa halijasahihishwa. Mwezi Agosti, Wizara ya Fedha ya Marekani ilipoiwekea vikwazo Tornado Cash, mikataba mahiri inayoficha mwelekeo wa miamala, Infura na Alchemy zilianza kuyazuia maombi yanayoielekea, ingawa mikataba yenyewe iliendelea kuwapo mtandaoni na kufikiwa na yeyote mwenye nodi yake.

Jawabu la kwanza lililotafutwa lilikuwa kuongeza idadi ya madalali. Pocket Network, iliyoanza mwaka 2020, iliwalipa kwa sarafu yake wenye nodi waliotawanyika, na hivyo ikapunguza hatari ya kampuni moja kuzimika, ingawa wingi wa madalali peke yake haumwezeshi muulizaji kulipima jibu. Jawabu lenye uzito zaidi lilitokana na pendekezo la mwaka 2018, lililoiruhusu nodi kuambatanisha salio na ithibati ya kihisabati, na likakamilishwa na badiliko la Oktoba 2021 lililounda kamati ya wathibitishaji 512, inayobadilishwa kila baada ya takriban saa 27, ambayo saini zake juu ya bloku mpya zinaweza kukaguliwa hata na simu ya mkononi. Programu ya Helios, iliyotolewa Novemba 2022, iliyaunganisha mambo hayo mawili. Haihifadhi daftari zima, kwa hiyo data bado huiomba kutoka kwa kampuni zilezile, Alchemy ikiwa mojawapo, isipokuwa salio lisiloafikiana na ithibati iliyoambatanishwa hulikataa.